Kitambaa Cheusi cha Baushar

Mara ya kwanza nilipofungwa miguuni skii, mbao za kutelezea juu ya theluji, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na theluji sikuwa nimewahi kuiona hata kwenye picha. Ilikuwa Baushar, nje ya Maskati, asubuhi ya Ijumaa moja ya majira ya baridi, mwaka 1967, juu ya kilima cha mchanga kisichozidi kimo cha nyumba ya ghorofa moja. Miguu ilinitetemeka hata zile mbao mbili ndefu zikawa zinagongana zenyewe. Mtu aliyekuwa akizifunga, bwana mkubwa wangu kazini, akainua kichwa akaniuliza kama nasikia baridi.

"Sisikii baridi," nikamwambia. "Naogopa."

"Unaogopa nini hasa?" akauliza, kama daktari anayetaka kuonyeshwa panapouma.

Siku zile nilikuwa naogopa kila kitu.

Tulikuja Maskati mwaka 1964, mimi na mama yangu tu. Baba alibaki Unguja. Januari ile ya mapinduzi walikuja watu wenye silaha nyumbani kwetu, wakataka awafungulie ghala la duka. Baba akasema hapana. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kama alivyokuwa akimwambia mteja kwamba sukari imekwisha. Wakaenda naye, na mpaka leo kaburi lake hatulijui. Mama alipotoka eda tulikuwa tumeshafika Matrah, mji wa pili yake Maskati, katika chumba kimoja nyuma ya soko, na kila nilipotaka kutoka mlangoni alikuwa na wasia mmoja tu.

"Mwanangu, n'nakuomba. Mtu mwenye nguvu akikuuliza jambo, wewe itika. Sema ndiyo, urudi nyumbani."

Nikaishi hivyo. Na Maskati ya wakati ule haikumsaidia mwenye khofu kuiacha. Ruhusa ilitakiwa kwa mambo ambayo kwengine watu hawayafikirii: kujenga, kusafiri, kuleta gari. Kitu kigeni kilitiliwa shaka kabla hakijajulikana ni kitu gani. Hata miwani ya jua ilimfanya mtu atazamwe mara mbili.

Kazi niliipata kwa ajili ya Kiingereza nilichosoma Unguja. Bwana wangu alikuwa mpima ardhi kutoka Norwei, mtu mrefu wa makamo, mkimya, aliyepoteza ncha za vidole viwili kwa baridi ya kwao. Aliletwa kupima njia ya barabara, nami nikawa mkalimani wake. Yeye akisema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kiarabu, na jawabu la watu namrudishia. Wa tatu wetu alikuwa dereva, mzee wa Kibaluchi, ambaye aliamini kwamba Wazungu wote wana wazimu kidogo na kwamba ni adabu kutowaonyesha kuwa umejua.

Ndani ya sanduku la vyombo vyake bwana alikuwa amepakia jozi mbili za skii, moja yake na moja ya mkewe, ambaye mwishowe hakuja. Siku moja kazini tukapita Khuwair, ambayo siku hizo ilikuwa miiba na mbuzi tu, na tulipofika Baushar akaiona ile milima ya mchanga mwekundu imesimama nyuma ya mitende. Akamwambia dereva asimame. Ijumaa iliyofuata tukarudi na skii.

Yeye mwenyewe, aliyezijua tangu utotoni, siku ya kwanza alianguka mara nne. Theluji, alinieleza huku akitema mchanga, inakutaka uegemee mbele, uuelekee mteremko kwa kifua. Mchanga haukubali. Ukiegemea mbele, ncha za skii zinazama na wewe unarushwa kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Kwa hiyo akajifunza upya, na aliyojifunza akanifundisha mimi. Uzito urudi nyuma kidogo, juu ya visigino. Magoti yawe laini, kwa sababu goti gumu halisikii ardhi. Ukitaka kwenda kushoto, kanyaga zaidi kwa mguu wa kulia, na usiwe na haraka. Skii itageuka yenyewe. Tazama unakotaka kufika, usizitazame skii. Ukiona unaanguka, anguka kwa ubavu, upande wa mlima, usianguke kuelekea chini. Kila baada ya kuteremka mara mbili tulizipindua na kuzisugua kwa mshumaa, maana mchanga hula nta upesi. Na tulianza mapema, kabla jua halijaupasha, kwani mchanga wa moto huganda kwenye nta na skii hazitembei.

Yote hayo niliyajua kwa kichwa katika wiki mbili. Mwili haukuyataka. Kila niliposimama juu ya kile kilima kidogo, magoti yakawa kama yamepigwa misumari, na macho yakarudi kwenye miguu. Bwana hakunisukuma. Alisimama chini, akasubiri, na nilipofika salama aliitikia kwa kichwa tu na kunionyesha juu tena.

Ijumaa moja tulipopumzika kivulini mwa gari, kwa tende na mkate, alinisimulia khabari za kwao na nchi za jirani. Iko miji ya milimani ambayo watu huenda kwa ajili ya mchezo huu tu, na kosa kubwa la mgeni, alisema, ni kuchagua mji kwa umaarufu wake. Wenye sifa mara nyingi ndio wenye miteremko ya kutisha. Anayeanza atafute mahali ambapo mteremko ni mpana na unaishia kwenye uwanja tambarare, ili akishindwa kusimama, ardhi yenyewe imsimamishe. Aliyekwisha kujua kugeuka aende penye mteremko mrefu usio mkali, apate nafasi ya kulirudia kosa lake mpaka aliache. Na kwenye miteremko mikali aende yule tu anayeweza kusimama popote anapotaka.

"Na mtu anajuaje ipi ni ipi?" nikamuuliza.

"Huwekwa rangi," akasema. "Buluu, nyekundu, nyeusi. Nyeusi ni ya mabingwa."

Sisi tulikuwa na vilima vitatu tulivyovitumia. Ijumaa ile ile akachomeka kijiti juu ya kila kimoja, akakifunga kitambaa kutoka kwenye vile vitambaa vya kupimia barabara: buluu kile kidogo, chekundu cha kati, cheusi kile kikubwa. Kikubwa hicho kilikuwa na upande mmoja mgumu unaopigwa na upepo, wa kupandia, na upande wa pili laini na mkali, uliokatika huko juu kama ukingo wa paa.

"Wewe ni wa buluu," akaniambia, "mpaka nitakapokwambia vyengine."

Nilishukuru. Yeye alikuwa mgeni, hakuwa na la kukumbuka. Mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka kwamba bendera ya nchi siku hizo ilikuwa nyekundu tupu, na kwamba kitambaa chekundu juu ya kilima, kinachopepea mbele ya kijiji kizima, watu hawatakiona kuwa ni kitambaa tu. Sikukumbuka.

Baada ya wiki chache, Jumatatu, askari wa liwali akaja nyumbani kwetu. Hakuja ofisini, alikuja nyumbani. Mama ndiye aliyefungua mlango. Niliporudi kazini nilimkuta amekaa chini karibu na maji yake ya kutawadhia, hajayagusa.

"Wamekuulizia," akasema. "Wewe na Mzungu wako. Wanataka muwe huko mchangani Ijumaa, na zile mbao zenu. Mjumbe wa liwali atakuja kuona mnafanya nini."

"Ni mchezo tu, mama."

"Usinambie mimi." Akaniambia nisiende. Kisha akaniambia niende, maana kutokwenda ni vibaya zaidi. Kisha akaleta chetezo akanifukiza ubani mpaka macho yakatoka machozi, na sikujua kama ni moshi.

Siku nne zile, kila niliposikia viatu nje, nilihesabu hatua mpaka zipite mlango wetu. Nilipopita bandarini sikuitazama ile ngome iliyofanywa jela. Usiku nililala upande wa ukuta, na Jumatano asubuhi nikaenda kazini nikamkuta bwana ameshikwa na homa, amejifunika blanketi mbili katikati ya joto la chumba. Nikamwomba tupeleke salamu kwamba hatuwezi kuja.

"Wataona tunajificha," akasema. "Nitakuja. Nitakaa garini."

Ijumaa tukafika mapema. Mjumbe alikuwa ameshatangulia, mtu mzima wa ndevu za mvi, jambia la fedha kiunoni, na askari wawili wenye bunduki nyuma yake. Alitusalimu vizuri, akauliza khabari za mama. Hilo lilinitisha zaidi. Wale wa Unguja nao walianza kwa salamu.

"Bendera hizi ni za nani?" akauliza.

"Si bendera, ya sheikh. Ni alama za mchezo. Kila rangi ni daraja ya ugumu."

"Nyekundu ni daraja gani?"

"Ya kati."

"Ya kati," akarudia, kama mtu anayeonja kitu. "Na nyeusi?"

"Ya mabingwa."

"Bingwa ni nani hapa?"

Nikamwonyesha bwana, aliyekaa garini, blanketi shingoni, meno yanagongana kwa homa. Mjumbe akamtazama, kisha akazitazama skii zilizolazwa mchangani.

"Huyu hawezi hata kusimama. Na hizi fupi ni za nani?"

"Ninazitumia mimi."

"Basi teremka wewe. Mimi nimeambiwa kuna watu wanapandisha bendera na kupeleka ishara baharini. Nikiona kwa macho yangu kwamba ni mchezo, nitakwenda kusema ni mchezo." Akanyoosha kidole kwenye kilima kikubwa. "Pale."

Kutoka garini bwana akaniita kwa Kiingereza. "Anasema nini?"

"Anataka nimwonyeshe."

"Wapi?"

"Kile kikubwa."

Bwana akajikaza akatoa mguu nje ya gari. "Hapana. Mwambie wewe ni wa buluu. Mwambie utateremka kile kidogo, mara kumi akitaka. Pale utavunjika. Mwambie nimekataa mimi, nimesema hapana."

Nilikuwa nalipwa kwa kazi hiyo moja: kulichukua neno huku na kulifikisha kule. Nikageuka. Mjumbe alikuwa akinitazama, mkono umepumzika juu ya jambia. Askari mmoja alikuwa akichezea mkanda wa bunduki.

"Amesema nini?" akauliza mjumbe.

"Amesema ndiyo," nikasema.

Nikazitia skii begani nikapanda kwa upande wa upepo. Dereva akanisindikiza hatua chache, akanong'ona, "Mwanangu, teremka kwa makalio, uchekwe, urudi kwenu." Nikaendelea. Nilimsikia bwana akiita, sikugeuka.

Kule juu upepo ulikuwa ukipeperusha mchanga ukingoni. Nikafunga skii. Nilipoutazama ule mteremko sikuona mwisho wake. Niliona vichwa vya watu chini, vidogo, na baina yangu na wao hapana kitu. La kufanya nilikuwa nalijua. Nisiuelekee. Niukate kwa ubavu, kwenda upande, taratibu, kisha nigeuke, niukate tena, kama ngazi ndefu. Nikajisemea hivyo kwa sauti. Nikapiga bismillahi, nikajiachia.

Ubavu wa kwanza ulikwenda. Nilisikia mchanga ukinguruma chini ya skii, sauti nzito kama ya ngoma ya mbali, na kwa muda mfupi nikadhani nitafika. Lakini ili mtu ageuke lazima ipite nukta moja ambayo skii zote mbili zinaelekea chini moja kwa moja, na kwenye nukta hiyo anatakiwa akanyage kwa mguu wa nje, ule wa upande wa bonde. Mimi niling'ang'ania mguu wa upande wa mlima. Magoti yakakauka. Nikazitazama ncha. Skii zikashika njia ya chini zikaongeza mwendo kuliko mwendo wowote niliowahi kwenda kwa miguu yangu, nikaegemea mbele kwa khofu, na ncha zikazama.

Nilisikia bega likilia kabla sijasikia maumivu. Nilipotua nilikuwa kifudifudi, skii zimejipinda nyuma yangu zimenifunga, na mchanga wa juu ulikuwa unanifuata. Ulikuja polepole, bila kelele, kama maji ya mtu asiye na haraka. Ulinifunika miguu, ukanifunika kiuno, ukanijia mgongoni. Kila nilipojitikisa uliteremka mwengine. Kinywa kilijaa. Nikataka kumwita mama, sauti haikutoka.

Kisha nikasikia mtu anahema karibu na kichwa changu. Alikuwa mjumbe wa liwali. Amepanda mbio mpaka nusu ya mteremko, kilemba kimemdondoka, naye anafukua kwa mikono miwili huku jambia linampiga mapajani, akisema, "Ya Latif, ya Latif." Aliusafisha uso wangu kwa kiganja chake kama anavyosafishwa mtoto. Askari wakaja wakafungua skii. Wakanivuta mpaka chini, wakanilaza.

Mjumbe akakaa mchangani kando yangu, hawezi kusema kwa kuhema. Alipopata pumzi akaniuliza, "Mbona hukusema kwamba huwezi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nimekusubiri useme. Nilidhani utakataa, nami ningekwambia haya, nionyeshe kile kidogo. Uliogopa mlima?"

"Sikuogopa mlima, ya sheikh. Nilikuogopa wewe."

Akaokota kilemba chake, akakikung'uta, akakiweka mapajani. Baadaye akawaambia askari waving'oe vijiti vyote vitatu. Akamwambia dereva anipeleke kwa muunga mifupa, na kwamba mchezo wenyewe hauna ubaya, ila usiwe na rangi.

Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Mama alinifunga mkono kwa kanga yake juu ya bandeji ya muunga, kwa sababu bandeji ile hakuiamini. Hakulia.

"Ulisema ndiyo?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Siku nyengine..." akaanza, lakini hakumaliza. Akageuka kuchochea moto.

Bwana alipopona homa akaja kunitazama. Alikaa kwenye mkeka wetu, magoti yake marefu yamemfika kidevuni, akanywa kahawa, akashukuru. Kisha akaniuliza, "Ulimwambia nilichosema?"

"Sikumwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba umesema ndiyo."

Akaweka kikombe chini. Nilimwona anafikiri, na nikajua anafikiri nini kabla hajasema. "Umefanya hivyo mara ngapi? Kazini?"

Hapo khofu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya kule juu. "Mara nyingi," nikasema. "Watu wakikasirika, nalainisha. Na wewe ukikataa, nalainisha."

Nilikuwa najua nimefukuzwa. "Bega likipona," bwana akasema, "tutarudi kote tulikopita. Utauliza upya, na utaniambia wanachosema. Hata kama wananitukana."

Tulirudi. Ilituchukua miezi. Katika kijiji kimoja wakulima walikuwa wamekataa kabisa barabara ipite kisimani kwao, nami nilikuwa nimemwambia wanaridhia. Nilisimama mbele ya wazee wale nikakiri kwamba nilisema uwongo kwa jina lao. Mmoja alinifokea mpaka mate yakanirukia usoni, na nikamtafsiria bwana kila neno. Bwana akafuta mstari kwenye ramani akauchora mbali na kisima.

Baushar nayo tulirudi, kwenye kilima kidogo. Khofu haikuniacha. Nilijifunza tu kuisema kabla sijapanda, na bwana alinipangia siku kulingana nayo. Alipoondoka, mwaka 1969, nilikuwa nimeshafika kile cha kati, ambacho hakikuwa tena na kitambaa. Nilikiteremka kwa kona sita, nikiogopa kutoka juu mpaka chini.

Mwaka uliofuata akatawala sultani mpya, mambo ya nchi yakabadilika, milango ikafunguliwa, na mwishoni mwa 1970 nikapewa nafasi ya kwenda Ulaya kusomea upimaji ardhi. Nikamwandikia bwana kumwambia. Barua yake ilikuwa ndefu kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mdomo. Alitaja miji mitatu ya milimani iliyo karibu na chuo. Wa kwanza, alisema, una mteremko mpana na watoto ndiko wanakofundishwa. Nianzie huko, na nisione haya kusimama kwenye foleni na watoto. Wa pili nisubiri mpaka mwaka wa pili, na nisiende siku ya upepo, kwani theluji huwa barafu na skii hazishiki. Wa tatu una jina kubwa, na wenzangu watanishawishi. Niwaambie sitaki, na nisitoe sababu.

Nilimsomea mama ile barua kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alikuwa anashona pamba ndani ya koti nililonunua sokoni, miwani imemshuka puani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo theluji," akasema, "ikimwangukia mtu, inaumiza?"

"Sijui, mama."

"Basi muulize kabla hujaondoka. Na akikujibu, unambie mimi kama alivyosema yeye."